Plau, Kijiji na Mafundi: Laxmanrao Kirloskar wa India
Maneno ya Kamati ya Elimu, yaliyosomwa ukumbini siku ya Uhuru, 9 Desemba



Kamati yetu hupewa nafasi hii kila mwaka kabla ya chakula. Tunajua pilau inanukia na tunajua nani yuko upande gani wa ushindani, kwa hiyo hatutazunguka sana. Miaka iliyopita tumezungumza juu ya Mwalimu, juu ya Bibi Titi Mohamed, juu ya wazee wa Maji Maji. Mwaka huu tumemleta Mhindi. Tena si Gandhi wala Nehru, ila fundi chuma mmoja ambaye pengine wengi humu hawajawahi kusikia jina lake, ingawa huenda waliwahi kuliona limeandikwa kwenye pampu au kwenye injini ya mashine ya kusaga huko nyumbani. Jina lake ni Laxmanrao Kirloskar.

Mzee mmoja alipopata habari alituuliza, "Siku ya Uhuru wa Tanganyika, Mhindi wa nini?" Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba bendera yetu ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na asubuhi yake mkulima wa Usukuma aliingia shambani na jembe lilelile lililotengenezwa nje. Kuna uhuru unaopatikana usiku mmoja, na kuna uhuru mwingine unaofuliwa polepole kwenye karakana. Kirloskar aliuanza huu wa pili miaka arobaini na zaidi kabla India haijapata ule wa kwanza. Tunalo pia jambo letu la chama la kuamua, linalohusu mfuko wa elimu, na tutalifikia mwishoni. Mtu anayetaka kupinga ajiandae.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1869 katika kijiji cha Gurlahosur, karibu na mji wa Belgaum, magharibi ya India, pale watu wanaosema Kimarathi wanapopakana na wanaosema Kikannada. Baba yake alikuwa msomi wa elimu ya dini, na familia yao ilikuwa ya tabaka la Brahmin. Watoto msiojua neno hili, jueni kwamba jamii ya Wahindu wa wakati ule iligawanyika kwa matabaka ya kuzaliwa, na Brahmin walikuwa juu, watu wa vitabu na ibada. Kushika nyundo na kujipaka grisi ilikuwa kazi ya watu wengine. Kijana wa Brahmin aliyetaka kuwa fundi alionekana kama anavyoonekana leo mtoto wa daktari anayesema hataki kwenda chuo kikuu, anataka kuchomelea mageti.

Laxmanrao hakuwa na hamu ya masomo ya darasani. Alipenda vitu viwili, kuchora na mashine. Mwaka 1885 aliondoka kwenda Bombay kusoma uchoraji katika J.J. School of Art. Alisoma kama miaka miwili, kisha ikagundulika kwamba macho yake hayatofautishi rangi sawasawa. Mchoraji asiyeona rangi! Angeweza kurudi kijijini hapo hapo. Badala yake alibaki na ile nusu ya kazi isiyohitaji rangi, yaani kuchora vyombo na mashine kwa penseli na rula. Mchoro wa mashine ni mweusi na mweupe, unachohitaji ni vipimo. Alijua kuifanya vizuri, akaajiriwa kufundisha uchoraji huo huo katika chuo cha ufundi cha Victoria Jubilee, Bombay. Huko karakana za chuo zilikuwa wazi kwake, naye baada ya vipindi alikaa na mashine akizifungua na kuzifunga.

Katika miaka ile alimwona mtu akipita Bombay juu ya baiskeli. Kilikuwa kitu kipya kabisa. Akajifunza kuiendesha, kisha akawa ananunua baiskeli Bombay na kumpelekea kaka yake Ramchandra kule Belgaum aziuze, na kaka huyo aliwafundisha wateja kuendesha kwa malipo. Duka lao dogo liliitwa Kirloskar Brothers. Wafanyabiashara wetu mnaotuma vipuri Kariakoo kwa makontena, mchezo huu mnaujua.

Halafu likatokea jambo ambalo halihitaji tafsiri katika ukumbi huu. Nafasi ya juu ilipatikana chuoni, na Laxmanrao aliyekuwa na haki ya kupandishwa akarukwa. Ikapewa Mhindi chotara wa Kizungu. Wengine wetu hapa tumefundisha kazi vijana ambao baada ya miezi sita wamekuwa mabosi zetu. Tunaijua ladha yake. Aliacha kazi mwishoni mwa miaka ya 1890, akarudi Belgaum kwa kaka yake. Wanaosimulia habari zake hupenda kusema kwamba kurukwa kule ndiko kulikomfanya awe tajiri, kana kwamba dhuluma ni baraka. Sisi hatusemi hivyo. Waliorukwa walikuwa wengi, na wengi wao waliishia na uchungu tu. Tofauti yake ni kwamba siku aliyoondoka tayari alikuwa na duka, ndugu wa kumwamini, na ujuzi wa mikono usioweza kubaki mezani kwa mwajiri.

Belgaum alianza na mashine ndogo ya kukatia majani ya ng'ombe. Kisha mwaka 1903 akatoa kitu kilichompa jina, plau ya chuma.

Hapa tutasimama kidogo, maana watoto wetu wa mjini hawajawahi kuona plau, na baadhi yao wanadhani chakula kinaota supamaketi. Plau ni jembe linalokokotwa na ng'ombe. Wakulima wa India walikuwa na plau ya mti kwa maelfu ya miaka, pengine ikiwa na ncha ya chuma. Plau ya mti hukwaruza ardhi, inachora mstari tu, na udongo wa chini unabaki chini. Plau ya chuma yenye ubawa uliopinda inakata udongo, inaunyanyua na kuupindua, magugu yanafukiwa na udongo wa chini unapata hewa na jua. Plau za namna hiyo zilikuwepo kutoka Uingereza, lakini zilikuwa za bei ya Uingereza, na kipuri kikivunjika unasubiri meli.

Kirloskar alitengeneza yake, nzuri kabisa, na hakuna aliyeinunua. Wakulima walisema chuma kitatia sumu ardhini. Ilimchukua kama miaka miwili kuuza. Miaka miwili, ndugu zangu, ukiwa na mke, watoto, madeni na plau zimelala uani zikishika kutu.

Rahisi kuwacheka wakulima wale. Sisi hatuwacheki. Mtu mwenye shamba moja na jozi moja ya ng'ombe, akikosea msimu mmoja watoto wanalala njaa. Hana nafasi ya kufanya majaribio kwa ajili ya kumfurahisha fundi kutoka mjini. Ndiyo maana hata kwetu zana nyingi za msaada zililetwa vijijini na kuishia kuwa viti vya kuku. Anayetaka mkulima abadili jembe lazima alipeleke shambani, alikokote mbele ya macho yake, asubiri mvua, asubiri mavuno. Biashara ya plau ilifunguka kwa mwendo huo, jirani akimwona jirani.

Ilipoanza kufunguka, manispaa ya Belgaum ikamtaka ahame. Eneo la karakana lilitakiwa kwa ajili ya kitongoji kipya cha nyumba. Mtu ameshafika miaka arobaini, ana tanuri na mashine na mafundi, hana pa kwenda.

Aliyemwokoa alikuwa mtawala wa dola ndogo iliyoitwa Aundh. India ya wakati ule, chini ya Waingereza, ilikuwa na mamia ya dola za namna hiyo zenye rajah wake, nyingine kubwa kama nchi, nyingine kama tarafa. Rajah wa Aundh, Bhavanrao Pant Pratinidhi, alimjua Kirloskar kwa sababu alimpa kazi ya kujenga ukumbi pale Aundh na akaridhika. Akampa mkopo na ekari 32 za ardhi karibu na kituo kidogo cha treni kilichoitwa Kundal Road. Msifikiri alipewa shamba la mkarafuu. Ilikuwa ardhi kame iliyojaa mipungate na nyoka aina ya swila, isiyotakiwa na mtu. Lakini reli ilipita pale, na mwenye kuuza chuma kizito anaijua thamani ya reli.

Mwaka 1910 Kirloskar alihamia hapo na wafanyakazi 25 na familia zao. Walifyeka miba, wakaua nyoka, wakajenga karakana na nyumba. Mahali pale pakaitwa Kirloskarwadi, yaani kijiji cha Kirloskar. Kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kiwanda vya mwanzo kabisa India. Tata walikuwa wakijenga mji wao wa chuma, Jamshedpur, miaka hiyo hiyo, ila wao walikuwa na mtaji wa matajiri wa Bombay. Huyu alikuwa na mipungate.

Na sasa tufike kwenye sehemu iliyotufanya tumchague yeye na si tajiri mwingine. Ni watu aliowachukua.

Kaka yake Ramchandra alishika mipango na uendeshaji wa kijiji. Mhasibu na karani mkuu alikuwa Mangeshrao Rege. Mpaka hapo kila kitu ni cha kawaida. Lakini alikuwepo pia Anantrao Phalnikar, kijana aliyeacha shule, ambaye mikononi mwa Kirloskar aligeuka mhandisi mwenye ubunifu. Alikuwepo K. K. Kulkarni, mwanafunzi aliyeshindwa masomo, akawa mtu wa kutumwa popote penye tatizo. Na walinzi wa usiku wa kijiji walikuwa Tukaram Ramoshi na Pirya Mang, wote wawili wanyang'anyi waliowahi kufungwa.

Majina hayo mawili ya mwisho yana uzito ambao Mhindi angeusikia mara moja. Ramoshi ni jina la jamii ambayo serikali ya kikoloni iliiandika kuwa ya wahalifu, mtoto akizaliwa tu tayari ni mshukiwa. Mang ni jamii iliyohesabiwa miongoni mwa wale wasioguswa, ambao Brahmin hakutakiwa hata kunywa maji kisima kimoja nao. Na Brahmin huyu aliwapa funguo za kijiji chake usiku, mke na watoto wake wakiwa wamelala ndani. Katika Kirloskarwadi yote alipiga marufuku utengano huo wa kutoguswa. Hayo aliyafanya miongo mingi kabla katiba ya India huru haijapiga marufuku jambo lile lile.

Alifanya hivyo kwa huruma? Kwa sehemu, labda. Lakini tukimsoma vizuri tunaona pia hesabu ya fundi. Alikuwa porini. Hakuna mhitimu wa Bombay aliyekuwa tayari kuhamia kwenye swila. Ilimbidi aangalie mikono iliyopo na kuuliza inaweza kufanya nini. Kipaji chake kikubwa kama kiongozi kilikuwa hicho, kumtazama mtu bila kutazama kwanza cheti chake, tabaka lake au kesi yake, kama yeye mwenyewe alivyotaka kutazamwa chuoni Bombay wala hakutazamwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, chuma na makaa ya mawe kutoka nje vikakatika. Kiwanda cha kuyeyusha chuma bila makaa na bila chuma ni sawa na mama ntilie bila unga. Kirloskar na watu wake wakahangaika na mkaa wa miti. Chuma walikipata kwa njia ambayo watoto wataipenda: Maharaja Shahu wa Kolhapur, dola jirani, alimpa mizinga ya zamani iliyokuwa imelala kwenye ngome. Mizinga ikaingia tanurini, ikamiminwa kwenye kalibu, ikatoka plau. Huyu Shahu naye alikuwa mtawala wa ajabu, aliyetenga nafasi za kazi serikalini kwa watu wa matabaka ya chini tangu mwaka 1902, lakini tukimfungua yeye hatutakula leo.

Mwaka 1920 biashara ikaandikishwa kuwa kampuni. Mwaka huo huo kijiji kikaanzisha karatasi yake ya habari kwa Kimarathi, iliyokua ikawa jarida la kweli, lenye kusomwa Maharashtra nzima, na baadaye likazaa jarida la wanawake lililoitwa Stree. Tunalitaja hili kwa sababu mhariri wa jarida letu hili hulalamika kila mwaka kwamba hakuna anayemletea makala. Kiwanda cha plau kiliweza, sembuse sisi.

Mwaka 1926 Kirloskarwadi ikatoa pampu ya maji na injini ya dizeli, miongoni mwa za kwanza kutengenezwa India. Ukitazama vizuri ni safari ileile moja. Plau inapindua udongo, lakini udongo bila maji haufai, kwa hiyo pampu. Pampu haizunguki kwa maombi, kwa hiyo injini. Zikafuata mashine za kukamua miwa na za kubangua karanga, mkulima akiwa ndiye mteja tangu mwanzo. Mwaka huo wa 1926 ndio mwanawe mkubwa, Shantanurao, alirudi na shahada ya uhandisi kutoka MIT, Marekani. Kijana huyu ndiye aliyekuja kuikuza kampuni kupita alivyoota baba. Mashine za kukereza chuma kule Harihar mwaka 1941, injini kule Pune na mitambo ya umeme kule Bangalore mwaka 1946. Vijana mnaosomea uhandisi hapa Uingereza mtamwona huyo kuwa ndiye mfano wenu, na ni sawa. Ila mkumbuke alirudi mahali ambapo tayari palikuwa na karakana inayomsubiri na mzee aliyeacha shule tayari kumwonyesha kosa lake.

Tarehe 30 Januari 1948 Gandhi aliuawa. Muuaji alikuwa Brahmin wa Maharashtra, na kesho yake makundi ya watu yakaanza kuwavamia Brahmin wote wa eneo lile, wenye hatia na wasio na hatia. Umati ulifika Kirloskarwadi ukachoma kiwanda. Kijiji ambacho kiliwafungulia mlango waliodharauliwa kikateketezwa kwa sababu ya tabaka la aliyekijenga. Laxmanrao alikuwa na miaka 78. Wengine hapa ukumbini wana jamaa waliopoteza duka au kiwanda kwa sababu ya kabila au rangi, Kampala mwaka 1972, Zanzibar mwaka 1964, Bujumbura, Bukavu. Mashine zikatengenezwa, kazi ikaanza tena. Kirloskar alifariki Pune tarehe 26 Septemba 1956. Mwaka 1969, alipotimiza miaka mia tangu azaliwe, India ilitoa stempu yenye picha yake.

Hatukuja kumfanya malaika. Kijiji kilikuwa chake, na neno la mwisho lilikuwa lake. Mwenye nyumba, mwajiri na mwenye sheria alikuwa mtu mmoja, na mfumo wa namna hiyo unategemea sana huyo mtu ni nani. Tena aliacha kampuni lakini hakuacha dawa ya ugomvi: vitukuu vyake wamefikishana mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya India kwa mambo ya kampuni na jina. Mali ya familia, hata yenye asili njema, inajua kugombanisha.

Sasa yule mzee aliyeuliza "Mhindi wa nini" tuna zawadi yake. Rajah wa Aundh, yule aliyetoa ekari 32, alikuwa na mwana aliyeitwa Apa Pant. Mwaka 1948 serikali ya India huru ilimtuma Nairobi kuwa mwakilishi wake wa kwanza kwa Afrika Mashariki ya Waingereza, na Tanganyika ilikuwa katika eneo lake. Mwana huyu wa rajah alikaa na kula na viongozi wa Waafrika wakati ambapo maofisa wa kikoloni hawakupenda hata kuwaamkia. Alikuwa rafiki wa Jomo Kenyatta, akasaidia vijana wa Kiafrika kupata nafasi za masomo India, na akashiriki katika juhudi za Wahindi wa Afrika Mashariki kuchangia chuo kwa kumbukumbu ya Gandhi. Mchango huo uliingia katika chuo cha ufundi cha Nairobi kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waingereza walimchoka wakashinikiza aondolewe, akaondoka mwaka 1954. Kwa hiyo nyumba ileile iliyompa fundi chuma ardhi yenye nyoka ilimtuma mtoto wake kwetu. Majirani zetu Wahindi hapa mjini waliotoka Tanga na Mwanza, ambao Kiswahili chao kinawashinda baadhi ya watoto wetu, wanaijua historia hii. Waulizeni.

Na huko nyumbani? Wazee wanakikumbuka kiwanda cha UFI pale Ubungo na ZZK kule Mbeya, viwanda vyetu wenyewe vya majembe na plau. Mkulima wa Tanzania alishika jembe lililotengenezwa Tanzania. Sababu za viwanda vile kudidimia ni nyingi na mtazibishania wakati wa chai, kama kawaida. Sisi tunataka kushika moja tu, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mfuko wetu. Kiwanda kinahitaji mafundi, na fundi kwetu anahesabiwa kuwa mtu aliyefeli. Mtoto akishindwa kidato cha nne, utasikia, "Basi, mpelekeni VETA," kwa sauti ileile ya kutangaza msiba.

Hivi ndivyo kanuni za mfuko wetu wa elimu zilivyo. Tunalipia wanafunzi sita kila mwaka, wote wa sekondari na chuo kikuu. Ombi la ufundi haliwezi hata kusomwa, kwa sababu fomu inadai cheti cha ufaulu wa kidato cha nne, na pasipo hicho mweka hazina analirudisha. Kwa kanuni hiyo Anantrao Phalnikar asingepata hata bahasha ya jibu kutoka kwetu. Laxmanrao mwenyewe tungembana kwa sababu ya macho yake.

Kamati inapendekeza nafasi mbili kati ya sita ziwe za ufundi: kuchomelea, umeme, ufundi wa magari na mitambo, ukerezaji wa chuma. Anayechaguliwa alipiwe ada, na akimaliza apewe sanduku la vifaa vyake mwenyewe, kwa sababu fundi asiye na vifaa anarudi kuwa kibarua wa mwenye navyo. Mapendekezo ya majina yatoke kwa mafundi wa mtaani kwao waliowaona wakifanya kazi, badala ya cheti.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, maana limeshatolewa kwenye simu zetu wiki nzima. Mama mmoja wa chama, ambaye tunamheshimu sana, amesema: "Mimi nasafisha maofisi usiku ili wanangu wasishike ufagio. Halafu mchango wangu umpeleke mtoto wa mwenzangu kushika nyundo?" Mama, tumekusikia, wala hatuna jibu jepesi. Tunasema tu kwamba nafasi nne za masomo zinabaki palepale, na kwamba yupo kijana sasa hivi Tabora au Masasi ambaye amefungua na kufunga injini ya mashine ya kusaga mara kumi bila kufundishwa na mtu, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo nayo ni akili. Wengine wamesema vifaa vitauzwa. Vingine vitauzwa. Na ada za chuo kikuu tulizolipa zimetuletea pia wahitimu waliozima simu.

Watoto mlituuliza kwenye mazoezi ya ngonjera kama kijiji kile bado kipo. Kipo. Kiwanda cha Kirloskarwadi bado kinatengeneza pampu, na kile kituo kidogo cha treni kilichoitwa Kundal Road sasa kinaitwa Kirloskarwadi. Treni za kutoka Pune kwenda Miraj zinapita hapo.

Kura kuhusu kanuni itapigwa kwenye mkutano wa Januari. Wanachama waliolipa ada ndio wenye kura, na orodha ya wasiolipa iko kwa mweka hazina, pale kwenye meza ya mandazi. Maandishi ya pendekezo yako hapo hapo, nakala za kutosha. Wenye kupinga waandike sababu zao nyuma ya karatasi, tutazisoma zote mbele ya mkutano. Wapishi, tumemaliza.